Matone ya Bi Kidawa

Nchi ya Uzimani haina mgonjwa hata mmoja. Ukidhani natia chumvi, kamuulize Waziri wa Uzima. Atakuonyesha takwimu, na takwimu za Uzimani hazijakosea tangu zilipokatazwa kukosea.

Takwimu hizo hukusanywa kwa njia ya kistaarabu sana. Kila mwaka masika yakimalizika, Wizara hutuma Maafisa Salamu nyumba kwa nyumba. Afisa hupiga hodi, huvua kofia, kisha huuliza, "Hujambo?" Na kwa kuwa watu wa Uzimani wamelelewa wakaleleka, hujibu, "Sijambo." Afisa huandika: mzima. Yupo bwana mmoja aliyekutwa chini ya mnazi aliokuwa akiuangua muda mfupi uliopita, mguu mmoja ukitazama mashariki na wa pili magharibi. "Sijambo," alisema, maana alikuwa mtu wa watu, "ila mguu huu..." Lakini afisa alikwisha kufunga faili. Kanuni inasema jibu ni neno la kwanza. Yanayofuata baada ya "ila" ni mazungumzo ya faragha baina ya mwananchi na Mola wake.

Kwa namna hiyo wagonjwa walipungua mwaka hadi mwaka, mpaka wakaisha. Hospitali Kuu ikageuzwa ukumbi wa harusi, ikabakizwa wodi moja tu kwa ajili ya maharusi watakaozimia kwa furaha. Ni kweli watu waliendelea kufa, lakini walikufa wakiwa wazima, na kwa hilo Wizara haiwezi kulaumiwa.

Shida ilikuwa moja. Waziri, Mheshimiwa Kindoro, mtu mwenye shahada nyingi za heshima na moja ya kusomea, ya kupamba keki, hakuwa na usingizi. "Wananchi ni wazima," aliliambia Baraza, "lakini kwa sababu ya nini? Afya isiyo na chanzo ni afya isiyo na wa kushukuriwa. Leo wanamshukuru Mungu moja kwa moja, bila kupitia Wizarani!"

Baraza lote likatikisa vichwa kwa masikitiko. Ikaamuliwa atafutwe mzima kuliko wazima wote, aulizwe siri yake.

*

Wakampata Bi Kidawa.

Bi Kidawa alikwisha kupita sabini, na bado alikuwa akichuchumaa kwenye vitalu vyake vya mchicha na kuinuka bila kushika ukuta. Kila asubuhi alipanda kilima kwenda kwa mdogo wake, Somoe, aliyeishi kule juu na mumewe, Mzee Faki. Wale ndugu wawili walikuwa na desturi yao. Wote walikuwa na presha, wamerithi kwa mama yao pamoja na meno mazuri. Na Somoe alikuwa adui wa vidonge tangu utotoni. Basi Bi Kidawa huketi mkekani, huchukua kidonge chake, na Somoe humkazia macho kama mtu anayechungulia mizani ya mchuuzi.

"Meza kwanza wewe, dada."

"Nimemeza."

"Panua mdomo."

Bi Kidawa hupanua mdomo. Hapo ndipo Somoe naye humeza. Asubuhi dada yake akichelewa, vidonge husubiri. Mzee Faki alikuwa amejaribu kubembeleza, kukasirika na hata kulia, asifanikiwe. "Dada akimeza nameza," Somoe humwambia, "na siku dada akiacha, naacha." Wakimaliza hunywa chai ya mchaichai, wakawasengenya majirani kwa haki, kisha Bi Kidawa hushuka kilima kurudi kwake.

Mtu aliyeleta jina la Bi Kidawa Wizarani alikuwa mwanawe wa pekee, Hamduni. Kijana huyu alifanya kazi katika Idara ya Kupiga Pasi Kauli, kwani nchini Uzimani kauli ya mwananchi haiendi hewani ikiwa na makunyanzi. Hupelekwa kwanza Idarani, ikanyunyiziwa maji kidogo, ikapitishwa pasi, ikatoka imenyooka. Hamduni alikuwa Mpiga Pasi Daraja la Pili na alilitamani la Kwanza hata ndotoni.

Akaja na Jopo la Wataalamu na kinasa sauti. Bi Kidawa akawatandikia mkeka, akawamiminia mchaichai, akakohoa kidogo, akasema:

"Jamani, mimi sina siri. Kila asubuhi napanda kilima kwenda kwa mdogo wangu. Mboga nachuma nyuma ya nyumba. Giza likiingia nami naingia kitandani. Vidonge vyangu vya presha nameza kila siku ya Mungu, na zahanati siikosi. Chumvi ya kunyunyiza mezani, nimeacha kabisa. Basi."

Jopo likatazamana. Nyuso zilionyesha fadhaa ya watu walioahidiwa pilau wakaletewa uji.

"Na hiki tunachokunywa?" akauliza mwenyekiti wa Jopo.

"Hiki? Nakunywa mchaichai. Majani haya, unakata, unachemsha."

"Unatibu nini?"

"Kiu," akasema Bi Kidawa.

Mwenyekiti akakitazama kikombe chake, kisha akawatazama wenzake, na macho yake yakang'aa. Walipokuwa wakivaa viatu, Bi Kidawa alimshika mwanawe mkono. "Hamduni, baba, hayo ya vidonge msiyaache nje. Watu husahau, wakishajiona nafuu wanatupa."

"Mama," akasema Hamduni, "neno lako kwangu ni amri."

Na Bi Kidawa akaamini. Angeacha vipi kuamini? Ndiye aliyemzaa.

*

Matone yalitengenezwa haraka. Yalikuwa mchaichai uliochemshwa, ukapoa, ukatiwa kwenye kichupa kidogo cha kijani chenye picha ya Bi Kidawa, nayo ilipigwa pasi hadi akaonekana binti wa miaka ishirini anayeumwa jino.

Usije ukadhani Wizara ilikurupuka. Majaribio ya kisayansi yalifanyika. Kundi la kwanza la wananchi lilipewa Matone, kisha wakaulizwa, "Hamjambo?" Wote, bila kubaki mmoja, wakajibu, "Hatujambo." Kundi la pili lilipewa maji matupu ya bomba, nalo likajibu, "Hatujambo." Mtaalamu mmoja mdadisi alitaka kujua maana ya jambo hilo, akapewa likizo. Wizara ikatangaza kwamba Matone yana nguvu kiasi kwamba hata maji yaliyowekwa chumba kimoja nayo yameponya.

Kwa kuanzia, Matone yaliondoa presha, sukari, gauti na mba. Wiki iliyofuata yakawa yanaondoa utasa, woga wa mitihani na wivu katika ndoa. Kabla ya mwezi kuandama, Waziri wa Ujenzi alishauri wananchi wanyunyizie kidogo kwenye mashimo ya barabarani.

Bi Kidawa hakuyajua mengi kati ya hayo. Alikwisha kutawazwa kuwa Mama wa Uzima wa Taifa, akahamishiwa katika Jumba la Wageni Watukufu. Siku ya kwanza aliamka alfajiri, akajifunga kanga, akaelekea getini ili apande kilima. Walinzi wakamzuia kwa heshima zote.

"Mama wa Uzima hatembei," wakamweleza. "Hutembezwa."

Akatembezwa kwa gari, kutoka mlango wa mbele hadi mlango wa nyuma. Chakula kilikuwa nyama ya kukaanga, viazi vya kukaanga, na kachumbari iliyokaangwa kidogo kwa ajili ya usalama. Redio hapakuwa na hata moja, kwa kuwa redio ni ya wananchi, na waliomo mle walikwisha kupanda ngazi kupita wananchi. Miguu ya Mama wa Uzima ikaanza kuvimba.

Usiku wa karamu alikaa jirani na Mheshimiwa Kindoro. Waziri alisimama, akainua kichupa cha Matone juu ili wapiga picha wakione, akakinywa chote, akashangiliwa. Alipoketi aliinamia chini ya meza kana kwamba ameangusha kijiko. Bi Kidawa naye akainama kumsaidia. Akamwona Waziri akichomoa kidonge kwenye karatasi yake ya kung'aa, kidonge kile kile cha presha anachomeza yeye, akakitia mdomoni.

"Kumbe nawe, mwanangu!" Bi Kidawa akanong'ona kwa furaha. "Vizuri. Usiviache."

"Mama," akasema Waziri, akijifuta midomo, "haya ni mambo ya itifaki." Na tangu kesho yake vidonge vya Bi Kidawa vikawa vinaletwa jumbani ndani ya bahasha yenye muhuri, pamoja na ua.

Hapo ndipo roho yake ilipotulia. Alijiambia: wakubwa wanajua. Hayo matone ni mchezo wao wa kuuza chai, na watu wakinywa chai kuna hasara gani? Bora wanatembea, wanakula mboga, wanameza dawa zao kama alivyowaambia. Kila Hamduni alipomtembelea, swali lake lilikuwa moja.

"Somoe hajambo?"

"Hajambo, mama. Nimepita jana. Nimemuuliza mwenyewe kwa mdomo wangu, hujambo mama mdogo? Akasema sijambo."

"Anameza?"

"Mama, nchi nzima inafuata maneno yako. Itakuwa yeye, damu yako?"

Nalo lilikuwa kweli tupu. Hamduni alikwisha kupata Daraja la Kwanza.

*

Siku ya Uzima ilipofika, uwanja ulifurika. Bi Kidawa aliketishwa kwenye kiti chenye mito, chini ya picha yake mwenyewe yenye ukubwa wa nyumba. Alipanga kuomba nafasi ya kusema maneno mawili na Somoe, ambaye alitengewa kiti katika safu ya familia. Kiti kilikuwa kitupu.

Mheshimiwa Kindoro alipanda jukwaani. "Ndugu wananchi!" akanguruma. "Wapo watu wenye husuda wanaopita mitaani wakisema: tembeeni, kuleni mboga, laleni mapema, fuateni dawa mlizoandikiwa. Nawauliza, hayo nayo ni maarifa? Nani asiyejua kutembea? Hata kuku anatembea! Nani asiyejua kulala? Jambo analoweza kulifanya kila mtu, bila ruhusa, bila kibali, bila kumshukuru kiongozi yeyote, lina heshima gani kwa taifa? Je, turudi kwenye mchicha?"

"Haturudi!" uwanja ukaitika, ukiwa umepangiwa kuitika.

"Basi msikilizeni Mama mwenyewe!"

Spika zikakwaruza. Kisha ikaja sauti ya Bi Kidawa, ikijaza uwanja, kikohozi chake kidogo kikiwamo ndani, kimeachwa makusudi ili watu wasiwe na shaka:

"Jamani, mimi sina siri. Vidonge vyangu vya presha, nimeacha kabisa. Nakunywa mchaichai. Basi."

Bi Kidawa akajishika koo, kama mtu aliyeibiwa kitu akiwa amekivaa. Makofi yalilipuka pande zote. Akina mama wa umri wake walikuwa wakipunga vichupa vya kijani na kulia kwa furaha. Akainuka, akakimbilia kipaza sauti kilichokuwa mbele yake. Akasema, akasema tena, akapiga kelele. Hakusikika hata na nzi. Kilikuwa kipaza sauti cha heshima, na vya heshima haviunganishwi na waya.

Akamgeukia mwanawe. "Hamduni. Nani amepiga pasi hii?"

"Mama, maneno yote ni yako," Hamduni akasema akitabasamu, maana wapiga picha walikuwa karibu. "Sijaongeza hata moja, wallahi."

"Uliyoyatoa?"

"Nimetoa makunyanzi tu."

"Somoe ameyasikia haya?"

"Kila mtu ameyasikia, mama. Yanatolewa kila saa kabla ya taarifa ya habari, tangu masika."

Tangu masika. Na sasa michungwa ilikuwa imekwisha kuzaa. Bi Kidawa alimtazama mwanawe, uso ule alioufuta kamasi na kuupaka mafuta, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alimchukia. Kulikuwa na hasira, ndiyo, lakini chini ya hasira kulikuwa na aibu kubwa zaidi: alikuwa amekaa juu ya mito akila nyama, akiambiwa "hajambo", akatosheka. Yeye, mzaliwa wa Uzimani, aliyejua fika kwamba hakuna mtu wa nchi hii asiyejibu sijambo.

Akavua viatu vya dhahabu alivyovishwa, akashuka jukwaani, akaanza kutembea.

Walinzi walitaka kumzuia. Mheshimiwa Kindoro, ambaye hakuna aliyewahi kumshinda kwa wepesi wa akili, akawahi kipaza sauti kilichounganishwa. "Tazameni nguvu za Matone! Mama anatembea! Wananchi, mfuateni!"

Basi wakamfuata. Bi Kidawa alitoka uwanjani akiwa na maelfu nyuma yake, wakiimba, wakicheza, wakirusha Matone hewani. Kila aliposimama kuvuta pumzi walishangilia. Kila alipogeuka kuwaambia, "Jamani, mimi nameza! Mezeni dawa zenu!" walipiga vigelegele zaidi, hata maneno yasisikike. Kilima alichokuwa akikipanda bila kukifikiria sasa kilimkaba kifua. Alipofika juu alikuwa akihema na kanga imelowa.

*

Mzee Faki alifungua mlango. Alikuwa amekonda, na kwa pindo la kanzu yake lililochafuka ungejua kwamba hafuliwi na mkewe tena.

"Karibu, shemeji," akasema. "Hatujambo." Kisha akanyamaza kwa mazoea, kama mtu aliyezoea kukatizwa hapo.

Bi Kidawa hakuondoka mlangoni. "Ila?" akauliza.

Miezi yote ile hakuna aliyekuwa amemuuliza mzee hilo.

"Ila Somoe ameanguka, shemeji. Kiharusi. Upande wote wa kulia umekufa. Nilimbeba hadi Hospitali Kuu, nikakuta harusi. Wakanipa Matone na kipande cha keki. Nilikuja getini kwako kukuita. Askari akaniuliza, mkeo hajambo? Nikasema hajambo, ila... akaniandika, akanirudisha."

Bi Kidawa akampita, akaingia ndani.

Somoe alikuwa kitandani, ameegemezwa kwenye mito. Mdomo wake ulikuwa umekwenda upande. Mkono mmoja ulilala juu ya shuka kama kitu cha mtu mwingine alichosahau pale. Lakini macho yalikuwa ni yale yale, nayo yalipomwona dada yake yakajaa maji. Bi Kidawa alipiga magoti, akaushika ule mkono mzima, akaubusu.

"Dada," akasema Somoe. Maneno yalimtoka polepole na kwa taabu, moja moja. "Nilikusikia redioni. Faki akasema meza. Nikamwambia, dada ameacha. Dada hawezi kunidanganya."

"Hawakukwambia kweli, Somoe! Wamenikata maneno. Ni Hamduni, mwanangu mwenyewe, ndiye aliyeyakata. Mimi sijaacha!"

Somoe alimtazama tu. Nje nyimbo zilikuwa zimefika uani, watu wakipiga vigelegele dirishani. Bi Kidawa aliona kwamba hakuaminiwa, akaona ni lazima aaminiwe sasa hivi. Akafungua pindo la kanga, akatoa karatasi ya vidonge, ya kung'aa, vishimo vyake vingi vikiwa vitupu, akamsogezea mdogo wake machoni.

"Tazama! Hivi hapa! Nameza kila siku, sijaruka hata siku moja. Asubuhi hii hii nimemeza. Wallahi, Somoe, sijawahi kuacha!"

Somoe aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Aliangalia vishimo vitupu, kisha akaangalia mkono wake uliolala juu ya shuka, kisha akamwangalia dada yake, aliyenona kidogo, aliyevaa kanga ya hariri, mzima.

"Ulikuwa unameza," akasema.

"Ndiyo!" Bi Kidawa akalia kwa nafuu. "Ndiyo, mdogo wangu! Kila siku!"

Kisha akasikia alichokuwa anakisema. Alijaribu kuendelea, kueleza habari za jumba, na za geti, na za redio isiyokuwapo, na za itifaki. Lakini kila alichokisema kilikuwa ni maneno, na Somoe alikwisha kuyaamini maneno ya sauti hiyo mara moja. Mkono ule mzima ulijichomoa taratibu kutoka mikononi mwa Bi Kidawa, ukarudi juu ya shuka, ukaufunika ule uliokufa.

"Faki," Somoe akamwita mumewe, uso wake ukiwa umegeukia ukutani. "Msindikize mgeni."

Na Mzee Faki, mtu wa adabu zake, akamfungulia mlango.